Viti Saba, Dizeli, Linauzwa

Jumatatu, 3 Juni

Gari linauzwa. Baba kasema mezani, katikati ya chakula, kama mtu anayeomba chumvi.

Asubuhi alikwenda kwa daktari wa mifupa. Goti la kushoto limechoka, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Klachi ya gari letu ni nzito kama mlango wa benki. Daktari kamwambia atafute gari dogo lisilo na klachi kabisa, la sivyo goti litamlaza. Mama alikuwa anajua tayari. Niliona jinsi alivyokuwa anapanga vijiko vilivyokwisha kupangwa.

Shemeji alikuwepo, mume wa dada yangu. Shemeji hakosekani panapouzwa kitu. Akasema gari la watu saba kwenye nyumba ya watu watatu ni sawa na kuchemsha yai moja kwenye sufuria la arusi. Wakacheka. Na ni kweli. Bibi alishatangulia mbele ya haki, kaka zangu wawili wanafanya kazi mbali, Dada yuko kwake. Nimebaki mimi, kitinda mimba, niliyemaliza shule mwezi uliopita na sasa nasubiri matokeo.

"Wewe una mwandiko na una Kiswahili," Shemeji akaniambia. "Tuandikie tangazo. Sifa zote za gari, usiache kitu."

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na neno la kusema, likakwama pale pale maneno yangu yanapokwama siku zote.

Jumanne, 4 Juni

Leo nimeshinda ndani ya gari na daftari.

Mtaa mzima unaliita Mkate, kwa umbo lake — refu, la mraba, limevimba kidogo juu. Zamani lilikuwa na rangi ya maziwa. Siku hizi ni chai ya maziwa.

Nimeandika hivi:

"Gari la familia, la dizeli, viti saba. Limetumika, limetunzwa. Linakula mafuta kidogo ukilinganisha na ukubwa wake. Viti viwili vya katikati vinageuka kutazama nyuma, kwa hiyo watoto wanaweza kucheza karata njia nzima. Kiti kirefu cha nyuma ni cha watu watatu, kinakunjwa na kulala sakafuni. Kikilala, friji inayoishia kifuani inaingia ikiwa imesimama. Mwenye gari ni fundi wa friji na amejaribu. Mlango wa kuteleza wa kulia unafunguka kwa kidole kimoja. Wa kushoto ni mbovu kidogo, uinue kwanza ndipo uvute. Mlango wa nyuma ukiinuliwa unakuwa paa, watu watano wanajikinga mvua bila kusukumana. Kiyoyozi cha nyuma kinapuliza upande wa kulia tu. Juu ya dereva kuna kioo cha pili, kidogo, kilichobinuka, kinachomwonyesha kila uso ulio nyuma."

Nimesoma mara tatu. Yote ni kweli. Lakini sifa mbili kubwa sikuziandika.

Ya kwanza ni hesabu. Injini ya dizeli haiwaki hivi hivi, hasa asubuhi yenye baridi. Unazungusha ufunguo nusu, kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye umbo la springi. Hapo plagi zinapashwa moto. Unasubiri izime, ndipo unamalizia ufunguo. Ukiwa na haraka injini itakohoa, itatoa moshi mweupe, na haitawaka. Sisi hatukuwahi kusubiri kimya. Tulihesabu. Baba moja, Mama mbili, Bibi tatu, Kaka Mkubwa nne, Dada tano, Kaka Mdogo sita, mimi saba. Nikisema saba, taa inazima. Nilipokuwa mdogo niliamini kabisa kwamba naizima mimi.

Walipoanza kuondoka mmoja mmoja, Baba alichukua namba zao. Ya Bibi anaisemea kwa kikohozi kidogo mwanzoni, ya Dada kwa madaha. Mama hujifanya amechoka na mchezo huo, ila mbili yake hajawahi kuikosa.

Ya pili ni kwamba mle ndani mimi naongea. Nyumbani ukisema neno watu wanakutazama mdomo. Garini wote wanatazama mbele. Nikikaa pembeni kwenye kile kiti cha nyuma, naongea na visogo, na visogo havicheki. Ni hapo niliposema kwamba shuleni wananiita Bubu. Ni hapo niliposema sitaki kusomea sheria. Baba alinijibu kwa macho tu, kwenye kile kioo kidogo.

Utaandikaje hilo kwenye tangazo?

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amelikata tangazo. Limebaki: "Dizeli, viti saba, safi, halina tatizo, njoo na mkoba." Anasema watu hawanunui hadithi. Mama alichukua karatasi yangu ndefu, akaikunja na kuitia mfukoni mwa koti lake la kazini.

Jumamosi, 8 Juni

Mteja wa kwanza. Mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa kuliko gari. Baba na Mama walikuwa wamekwenda kwenye mazoezi ya goti, kwa hiyo muuzaji alikuwa Shemeji. Nikaambiwa niingie nyuma nimwonyeshe viti vinavyokunjwa. Nikavionyesha kwa kidole.

Asubuhi ilikuwa na baridi, vioo vina umande. Viatu akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo moja kwa moja mpaka mwisho. Sikuamini. Hata springi haikupewa muda wa kupepesa. Mkate ukakohoa, ukatoa moshi mweupe, kimya. Akarudia. Akarudia tena. Betri ikaanza kulalamika.

Shemeji kwao wana gari la petroli, hajui hizi habari. Akawa anasema, "Jaribu tena, kaka, jaribu tena, leo limeamka vibaya."

Mimi nilikuwa kiti cha saba. Visogo viwili mbele yangu. Mahali pekee duniani ninapoweza kuongea. Maneno yalikuwa matatu tu: subiri taa izime.

Sikusema.

Viatu akashuka, akapangusa mikono kana kwamba amegusa samaki. Nilibaki mle ndani nikiwa na furaha mbaya.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji kamwambia Baba kwamba betri imekufa. Baba hakubisha. Akaenda, akaingia, akasubiri, gari likawaka. Shemeji akashika kiuno. "Basi lina ubaguzi," alisema.

Nilidhani Baba atamwambia kuhusu taa. Alifuta tu mikono na kitambaa, akarudi ndani kwa hatua zake za siku hizi, moja nzima, moja nusu.

Na mimi pia sikusema. Tangu lini nimekuwa mwongo? Sijasema uongo wowote, lakini nikijitazama kwenye kioo cha bafuni najua.

Jumanne, 11 Juni

Wateja wa pili. Ndugu wawili wenye biashara ya kukodisha mahema na viti. Walikuja saa moja asubuhi kabla ya kazi. Ufunguo mpaka mwisho. Kikohozi, moshi, kimya. Mimi nyuma, kimya.

Walipoondoka Shemeji alikuwa amechoka kweli, si kwa utani. Akasema mbele ya Mama, "Mimi nimeshalifunga hili. Kuna mtu ninayemjua, anakuja Jumamosi saa sita mchana."

Nikafikiri, vizuri, wa tatu naye atashindwa.

Lakini huyo mtu hahitaji gari liwake. Anauza vipuri. Atalivuta kwa lori, atalifungua lote. Injini kwake, milango kwake. Shemeji anasema kiti kirefu cha nyuma tayari kina mwenyewe, kuna kinyozi anataka cha wateja wanaosubiri zamu.

Kiti changu. Watu watakikalia kwa kinyozi wakisoma magazeti ya zamani.

Nimetaka kulia, na nimeona aibu kulia. Nani kalitia gari hilo jina baya? Nimeificha siri yake mpaka nimelichinja.

Jumatano, 12 Juni

Baba kaniomba nimsindikize kuchukua mota ya friji ya mteja. Nilikaa kwangu nyuma, ingawa kiti cha mbele kilikuwa wazi. Akahesabu. Moja, mbili, kikohozi na tatu, nne, tano ya madaha, sita. Mimi saba. Gari likawaka mara moja, kama lisilo na hatia yoyote.

Leo nimeona kitu. Siku zote nikitazama kile kioo nilikuwa natafuta jibu langu. Leo nilikuwa namtazama yeye. Kila anapokanyaga klachi, macho yanafumba. Kidogo tu. Anakanyaga, yanafumba, anabadilisha gia, yanafunguka. Kuna matuta kumi na moja kati ya nyumbani na duka la mota. Nilihesabu. Kwenye tuta la saba aliteremsha mkono, akaushika mguu na kuuweka kwenye klachi kama mtu anayeweka kitu kisicho chake.

Tukiwa tumesimama kwenye foleni akauliza, bila kugeuka, "Wale wateja walisubiri taa?"

"Hapana."

"Na wewe ulikuwemo?"

"Nilikuwemo."

"Mara zote mbili?"

"Zote mbili, Baba."

Foleni ikasogea. Macho yakafumba, yakafunguka. Nilikuwa nasubiri anikemee. Akasema, "Mimi nilikuwa na simu mfukoni, na namba ya Shemeji ninayo. Ningempigia, neno moja tu, angejua. Nikasema moyoni, mwache mjuaji ajue mwenyewe." Akavuka tuta lililofuata. "Tumelivunjia heshima gari la watu, mimi na wewe."

Nikacheka. Naye akacheka. Halafu akasema, taratibu, "Lakini kuuzwa ni jambo moja, mwanangu. Kukatwakatwa ni jingine."

Nikamwambia nampa pole ya goti. Nadhani ni mara ya kwanza kumwambia. Wiki nzima nimekuwa nampa pole gari.

Jioni alimwomba Shemeji amzuie yule mtu wa vipuri. Shemeji akasema ameshatoa neno, na mtu ameshakodi lori. Wakakubaliana: akipatikana mnunuzi wa kulitumia kabla ya Jumamosi saa sita, sawa. Asipopatikana, lori.

Ijumaa, 14 Juni

Leo sijui nianzie wapi.

Kumbe Mama alilibandika tangazo langu refu kwenye ukuta wa duka la dawa anakofanya kazi, kati ya bango la chanjo na saa za kufungua. Wiki nzima limekaa pale! Saa kumi akaja nalo mama mmoja, amefuatana na Mama tangu dukani. Ni dobi. Ana duka lake dogo la kufulia, barabara ya sokoni. Mikono yake imefura kidogo na inanukia sabuni, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mashine.

"Nani kaandika hili?" akauliza.

Mama akanionyesha. Mimi nikaonyesha sakafu.

"Mwezi huu nimesoma matangazo ya magari mpaka nimechoka," akasema. "Yote 'halina tatizo, halina tatizo'. Lako peke yake lina mlango mbovu na kiyoyozi kinachopuliza upande mmoja. Nikasema, hapa pana mkweli."

Nilitamani sakafu initie mfukoni.

Ana watoto wawili wake. Tangu dada yake afariki, mwezi wa tatu, analea pia mapacha wa dada yake. Na mama yake mzazi yuko nao. Kigari alichonacho hakitoshi. "Shule, kliniki, kanisani, nawahamisha kwa awamu kama ndoo za maji," alisema. "Na yule anayebaki awamu ya pili, kila siku anadhani sitarudi. Hasa mapacha." Alisema hilo la mwisho kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mashine ndani yake.

Baba akampa ufunguo. Akaniambia mimi, "Mwelekeze."

Dobi akakaa mbele. Mimi nikapita kwa mlango wa kushoto — nikainua, nikavuta — nikaenda kwangu. Kisogo kimoja, kilemba cha bluu. Na nikaongea. Niliongea mpaka nikaisikia sauti yangu inachoka. Nilimweleza plagi, taa ya springi, kwamba asiwe na haraka. Nilimweleza hesabu na nani alikuwa namba ngapi. Nilimweleza hata wale wateja wa mwanzo, kwamba sikuwaambia, kwamba yeye kaniita mkweli na mimi siye.

Hakugeuka. Akaniangalia kwenye kile kioo kidogo. Alikipata bila kuonyeshwa.

"Ulikuwa hutaki liondoke."

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Akasubiri kidogo, halafu akafungua mlango. Kesho asubuhi atakuja na wote, injini ikiwa baridi. Hanunui gari kabla hajaliona likiamka, na kabla watoto hawajalikalia. Wakikaa wakatosha, analichukua. Wasipotosha, au lisipowaka, basi.

Alipofika getini akanigeukia.

"Mwanangu, lakini sisi tuko sita. Huyo saba atasema nani?"

Baba alikuwa anasikiliza. Nikajifanya naufunga mlango wa kushoto, na ule mlango hauhitaji muda mrefu kiasi kile.

Jumamosi, 15 Juni

Saa tatu na robo. Niko chumbani juu. Nimesema tumbo linaniuma. Mama akauliza, "Tumbo la tangu lini?" akaniacha.

Baridi kali. Vioo vya Mkate vimejaa umande. Baba alilala na ufunguo chini ya mto ili Shemeji asije akaliwasha kabla, injini isipate joto la udanganyifu. Shemeji kafika. Na mtu wa vipuri kafika, mapema, saa sita gani hii? Lori lake limeziba nusu ya geti. Anazunguka gari akiligonga gonga kwa vidole kama anayechagua tikiti.

Wamekuja. Dobi mbele, nyuma yake mama yake mzee mwenye fimbo, halafu watoto wanne. Mapacha wameshikana mikono, wana sweta za rangi moja. Mtoto mkubwa kavuta mlango wa kushoto, umegoma. Shemeji anataka kumsaidia — la, dobi kasema kitu, mtoto anauinua. Umefunguka. Anacheka kwa ushindi.

Wanaingia. Bibi yao kakaa mbele, kando ya dereva. Wawili wakubwa katikati, wameshagundua kwamba viti vinageuka. Mapacha nyuma kabisa. Kiti kirefu, wao wawili, na pembeni nafasi moja wazi.

Wametosha.

Mtu wa vipuri kaangalia saa. Shemeji anamwambia subiri, subiri, na anaangalia gari kwa uso wa mtu anayesubiri kikohozi. Baba kasimama kando ya dirisha la dereva, ameegemea mguu mzuri. Nimesikia ufunguo, mlio wa kwanza tu, nusu. Mpaka huku juu naujua.

Dobi kasema, "Moja."

Bibi yao, polepole, "Mbili."

Tatu. Hiyo ilikuwa na kicheko. Nne.

"Tano," pacha mmoja, kwa sauti ndogo sana, naijua sauti ya namna hiyo.

"Sita."

Kimya. Hawajui la kufanya. Namwona yule pacha wa mwisho amegeuza shingo kutazama nafasi iliyo wazi kando yake, kana kwamba kuna mtu wa awamu ya pili bado hajafika. Mtu wa vipuri kasogea hatua moja. Taa bado inawaka, nina hakika, haijawahi kuzima kwenye sita. Baba haliangalii gari. Ameinua uso, anatazama dirisha hili.

Na dirisha hili ni gumu. Halifunguki kwa mkono mmoja. Naweka kalamu chini.